Kefa, Mfungwa wa Kijiji

Kijiji chetu kina watu wema sana, ukiwakuta kanisani au msikitini. Ukiwakuta nje, jihadhari. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniambia nawasingizia majirani zangu. Nimeishi nao tangu nilipoolewa hapa, kusini kidogo ya Mkiwa, nawajua kwa matendo na kwa maneno, na Kefa Ntandu tulipakana ua kwa ua.

Kefa si mtu ambaye habari zake zingefika mbali. Alizaliwa hapa, akachunga hapa, akalima alizeti na uwele katika shamba lilelile alilolima baba yake. Kasoro yake ilikuwa moja, na kila mtu aliijua: hasira. Zilikuwa hasira za moto wa mabua, zinalipuka ghafla na kuzimika kabla hujatafuta maji. Siku moja zililipuka akiwa na fimbo mkononi.

Ng'ombe wa Shukuru Gwau walikuwa wameingia katika alizeti yake, nayo ilikuwa imeshaanza kuinamisha vichwa. Shukuru alikuwa rafiki yake. Walitoka jandoni pamoja, na kwa miaka mingi mmoja hakuwahi kula nyama ya kuchoma bila kumwita mwenzake. Walitukanana, wakasukumana, Kefa akapiga fimbo moja. Ilimpata Shukuru juu ya sikio. Kefa mwenyewe alimbeba mgongoni mpaka barabara kuu, analia na kupungia kila gari, na Shukuru alimfia mgongoni. Kefa hakukimbia. Alimlaza chini, akamfunika kwa shati lake, akakaa kando yake mpaka polisi walipofika.

Mahakama ilisema ameua bila kukusudia, ikampa miaka kumi na miwili. Mkewe Raheli alikuwa bado mbichi, hawajapata mtoto. Kaka zake walikuja kumchukua arudi kwao. Aliwapikia, wakala wakashiba, kisha akawaambia, "Msalimieni mama." Alibaki akilima peke yake, na kila alipopata nauli alikwenda gerezani kumwona mumewe. Watu wema wa kijiji changu walisema ana mwanamume huko njiani.

Kefa alipokuwa ametumikia zaidi ya theluthi ya kifungo chake, alikuja kijijini kijana mmoja mpole wa mambo ya parole, jina lake Nathan. Mtendaji akatukusanya nje ya ofisi yake. Nathan alisema mfungwa Kefa ana mwenendo mzuri, amejifunza useremala, na bodi inataka kujua kama sisi huku tutampokea.

"Kwani amesamehewa?" aliuliza mtu.

"Hapana. Parole si msamaha, wala kifungo hakijaisha," alisema Nathan. "Kifungo ni kilekile, ila anakuja kukimalizia nyumbani, kwa masharti. Asitoke nje ya kata bila kibali. Aje kuripoti kila mwezi. Asiguse pombe wala asionekane penye pombe, maana hapo ndipo ugomvi huanzia. Akivunja sharti, bodi inaweza kufuta kibali chake, na miaka iliyobaki ataimalizia ndani."

Mzee mmoja akacheka. "Kumbe ni ng'ombe aliyefungwa kamba malishoni. Majani anakula, lakini kamba ipo."

Nathan naye akacheka, akasema mzee ameeleza vizuri kuliko yeye. Kisha akageukia upande wa wafiwa, akawauliza wana neno gani.

Mama wa marehemu, Bibi Cecilia, alikuwa ameketi mbele na fimbo yake mapajani. Aliyesimama ni Leonard, kaka mkubwa wa Shukuru. Leonard ni mtu nadhifu, mzee wa kanisa, sauti yake haipandi hata akikanyagwa. Alivua kofia.

"Mleteni," alisema. "Sisi tumeshamwachia Mungu. Hata marehemu hatarudi kwa Kefa kukaa ndani."

Wanawake walilia. Nathan aliandika kwa furaha. Mimi nilimtazama Leonard akiketi, nikaona anaikunja ile kofia polepole, mara mbili, kama mtu anayekunja noti. Roho yangu haikutulia, lakini nani angenisikiliza? Mtu akishasema amesamehe, anayetia shaka ndiye anaonekana mwovu.

Kefa akarudi. Alikuwa amekonda, na zile hasira zilikuwa zimekwisha kabisa. Ukimwita ghafla alisimama wima mikono ikiwa nyuma. Alijenga kibanda mbele ya nyumba yake, akaanza kutengeneza milango na vigoda. Raheli, ambaye hatukumsikia akiimba kwa miaka, alianza kuimba akitwanga. Kitu kimoja tu kilimkosesha Kefa raha. Kila asubuhi Bibi Cecilia alipita kwenda kisimani, na kila asubuhi Kefa aliacha kazi, akatoka, akainama. "Shikamoo, mama."

Bibi alipita bila kujibu.

Msimwone Bibi kuwa mkatili. Kwetu mama wa aliyeuawa hapokei salamu ya muuaji mpaka kikao cha suluhu kifanyike. Mama huyo hupika pombe kwa mkono wake mwenyewe, na muuaji na wafiwa hunywa kibuyu kimoja mbele ya watu. Wakishakunywa, damu imefunikwa, na yule aliyeua anaingia mahali pa aliyekufa: anakuwa mtoto wa yule mama, anamkatia kuni, anamzika akifa. Asipokunywa, ni adui, na hata watoto watakaozaliwa kwake hawasalimiwi na ukoo ule. Bibi aliyataka sana hayo. Alikuwa amemjua Kefa tangu anapanguswa kamasi. Lakini pombe ndiyo sharti la mila, na pombe ndiyo marufuku ya parole. Mtu mmoja, sheria mbili, na zote mbili zimemshika koo.

Leonard alilielewa hilo siku ileile ya mkutano, wakati sisi wengine tunafuta machozi.

Alianza na mambo madogo. Mbuzi wa Raheli walikuwa wakipotea na kuonekana ng'ambo ya mpaka wa kata. Kefa alifika mpakani, akasimama, akawatazama wakila upande wa pili, akarudi nyumbani kumwita mkewe awafuate. Vijana walikaa pale kwenye mpaka kumwangalia akisimama, kama wanaangalia mpira. Kisha ikaja hii: jioni, wanaume walianza kuja na ndoo zao za pombe na kukaa mbele ya kibanda chake, eti kivuli chake ni kizuri. Masharti yanasema asionekane penye pombe, kwa hiyo Kefa aliacha randa, akaingia ndani, akafunga mlango. Wakahamia chini ya dirisha. Akatokea mlango wa nyuma, akaenda kukaa porini peke yake mpaka walipoondoka, huku wakimcheka kwa sauti. "Kefa, njoo basi unywe na wanaume! Au umeachia uanaume gerezani?"

Nilitoka na maji ya kuoshea vyombo nikawamwagia miguuni. Nikaitwa mchawi kwa muda mrefu, na sijali.

Siku moja Leonard mwenyewe alipita pale, nami nikiwa uani kwangu nachambua mboga. Kefa alimsalimu. Leonard akamsogelea, sauti yake ileile ya kusomea zaburi.

"Unajua kwa nini nilisema wakulete? Kule ulikuwa wa serikali. Unakula, unalala, unafundishwa kazi. Hapa wewe ni wangu. Ile kamba aliyoisema mzee, nimeishika mimi."

"Naelewa, kaka," alijibu Kefa. Tena akaongeza, "Ningempata Shukuru mahali pa kumwomba radhi, ningekwenda hata leo."

Leonard akamtemea mate kwenye kigoda alichokuwa anakichonga, akaenda zake. Kigoda kile kilikuwa cha Bibi Cecilia. Kefa alikisugua kwa mchanga, akaendelea kuchonga.

Raheli ndiye aliyepata njia. Alikwenda kwa Bibi Cecilia, akapiga magoti mlangoni, maana kuingia hakuruhusiwa, akamwomba: suluhu isifanywe kwa pombe, ifanywe kwa togwa. Togwa ni uwele uleule, chungu kilekile, mkono uleule wa mama. Bibi akamalizia kwanza kupepeta uwele wake.

"Mila inataka tunywe pamoja," alisema mwishowe. "Haijasema tulewe."

Habari zilienea, na hata wazee wa mila waliridhika. Ikapangwa siku. Bibi akapika uji mzito wa uwele, akaupoza, akautia kimea mpaka ukalegea na kuwa mtamu, akaumimina katika chungu cha suluhu. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Chungu cha suluhu kikishamiminwa hakimwagwi wala hakipikwi mara ya pili. Kukimwaga ni kuikaribisha damu nyingine.

Kilipokwisha kumiminwa, Leonard akaja na habari kwamba mjomba wao wa Manyoni amechelewa, na bila mjomba hakuna kikao. Tungoje kesho. Kesho yake mjomba hakuja. Tukaambiwa keshokutwa, na safari hii mjomba aje asije.

Mwanamke yeyote wa Singida anajua togwa iliyolala inakuwa nini. Ukikiacha kimea kifanye kazi yake, chungu kinaanza kuchemka chenyewe bila moto. Mjomba wa Manyoni, nilikuja kujua baadaye, hakuwahi hata kualikwa.

Yanayofuata nilielezwa na Bibi mwenyewe. Asubuhi ya kikao alifunua chungu, akanusa, akamwita Leonard. "Mwanangu, hii imeshakuwa pombe. Kefa ana masharti."

"Mama, usihangaike," alisema Leonard. "Nimempigia afisa Nathan asubuhi hii hii. Nimemweleza yote. Amesema ilimradi ni ya mila, hakuna neno."

Bibi alimwamini. Ni mtoto wake wa kwanza, mzee wa kanisa, hajawahi kumdanganya hata bei ya sukari. Akafunika chungu, akaenda kuvaa kitenge kipya.

Tulikusanyika uani kwao. Kefa alikuja amevaa shati jeupe, kigoda begani, Raheli nyuma yake. Alikiweka kigoda miguuni pa Bibi, na Bibi akakikalia mbele ya watu wote. Wazee walisema maneno yao. Bibi akachota kwa kibuyu, akanywa yeye kwanza, akampa Leonard, naye akanywa na kufuta mdomo kwa leso. Kisha Bibi akakishika kibuyu kwa mikono miwili, akamnyooshea Kefa.

Kefa alikipokea akiwa amepiga magoti. Kikafika mdomoni, kikasimama. Nilikuwa karibu nikaona pua yake ikitanuka.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "hii si togwa."

"Kunywa, mwanangu. Leonard ameongea na afisa. Ameruhusu."

Kefa aliinua macho akamtazama Leonard. Leonard hakuyakwepa. Alitabasamu kidogo tu, tabasamu la mtu anayemfungulia mgeni mlango. Nawaapia, Kefa alielewa pale pale. Aligeuka kumtazama Raheli, na Raheli ambaye alikuwa hajaelewa chochote akamtikisia kichwa kwa furaha, kama kumwambia, haya, maliza.

"Vipi?" aliuliza Leonard, ili watu wote wasikie. "Unaukataa mkono wa mama yangu? Mtoto umemuua, na mkono wake nao unaukataa?"

Mikono ya Bibi ilikuwa bado imenyooshwa hewani. Wazee walianza kunong'ona. Kefa akakitazama kibuyu, akamtazama yule mama, akanywa. Alikunywa chote, bila haraka, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Bibi Cecilia. "Marahaba, mwanangu."

Akamshika kichwa, akalia, naye Kefa akalia mapajani mwake, kilio cha mtoto kabisa, makamasi na yote. Tukapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Nami nilipiga. Nilidhani naona mwisho wa jambo baya.

Vigelegele havijaisha vizuri tukasikia pikipiki. Alikuwa Nathan, nyuma yake askari mmoja. Alishuka akiwa na uso wa mtu aliyetumwa msiba. Alisalimia wazee, akakiendea chungu, akainama, akanusa. Povu lilikuwa bado linapanda.

"Kefa, umekunywa hii?"

"Nimekunywa, afande."

"Si uliruhusu!" Bibi aliruka. "Si mwanangu amekupigia asubuhi, ukasema hakuna neno?"

Nathan alimtazama Leonard, kisha Bibi, na naona alikuwa mdogo mno kujua anachokipasua. "Bibi, ni kweli alinipigia. Lakini hakuniomba ruhusa. Alinijulisha kwamba leo saa hizi Kefa atakuwa anakunywa pombe hapa, nije nishuhudie."

Leonard akavaa kofia.

"Sheria ni sheria," alisema. "Mimi ni raia mwema, nimetoa taarifa."

Wazee walimweleza Nathan habari za chungu, mjomba, na togwa iliyochacha. Alisikiliza yote, akaandika yote, macho yamemwiva. Alisema ataipeleka kwa bodi kama ilivyo, lakini sharti linasema pombe, halikusema pombe ya nani wala ya nini. Raheli alikuwa amesimama tu, bado ametabasamu, maana uso ulikuwa haujapata habari. Ulipopata, alikaa chini vumbini palepale aliposimama. Kefa alimwinamia, akamwambia jambo ambalo hatukulisikia. Kisha akasimama wima, akaweka mikono nyuma kabla askari hajamwambia.

Bodi ilikaa, ikafuta kibali. Kefa alirudi ndani kumalizia miaka yake. Watu wema wa kijiji changu walisema ni uchungu, lakini pia wakasema angeweza kukataa. Walewale ambao angekataa wangemwita adui. Wengine walikwenda kumpongeza Leonard, kimyakimya, kwa akili.

Lakini jioni ya siku ileile ya suluhu, kabla hata mavumbi ya pikipiki hayajatulia, Bibi Cecilia alifunga kitenge chake cha zamani na sufuria moja katika furushi, akabeba kigoda alichochongewa, akatoka kwa Leonard. Leonard alimkimbilia njiani, mbele ya uzio wangu.

"Mama, unakwenda wapi? Yote nimefanya kwa ajili ya Shukuru."

Bibi alisimama. Hakupaza sauti; nadhani Leonard ile sauti yake isiyopanda aliirithi kwake.

"Kile kibuyu nilikinywa, naye alikinywa. Kefa ni mwanangu. Aliniulia mtoto kwa hasira, akambeba mgongoni akilia. Wewe umenichukulia mtoto huku umetulia, ukafuta mdomo kwa leso. Na mkono ulioutumia ni wangu." Akaweka furushi kichwani. "Nenda nyumbani kwako. Mimi nina mkwe, yuko peke yake."

Tangu siku hiyo anaishi kwa Raheli. Asubuhi anakaa mlangoni juu ya kigoda kile, anachambua mbegu za uwele, na siku ya kuonana na wafungwa wanakwenda wote wawili. Raheli haimbi. Leonard bado ni mzee wa kanisa, bado sauti yake haipandi. Lakini kila siku, akienda dukani au shambani, hana njia nyingine ila ya mbele ya nyumba hiyo. Anaweza kuzunguka porini, lakini hiyo ingekuwa kukiri. Kwa hiyo anapita. Anavua kofia, anasimama, anainama, na watu wote barabarani wanasimama kutazama, kama walivyotazama mpakani.

"Shikamoo, mama."

Mkuki kwa nguruwe. Jana nilikuwepo, nimekwenda kuazima ungo. Alisema mara ya kwanza, akasema mara ya pili, na mara ya tatu sauti ikamkatika, yule mtu ambaye sauti yake haikatiki. Bibi Cecilia aliinua uso, akamtazama mpaka akamaliza kumtazama. Kisha akamgeukia Raheli, akamwuliza kama uji umeshaiva.